Jeli ya Muhogo na Nyonga ya Mwajuma

Ninyi vijana munaoanza kazi ya irjansi, kwanza mutoe mikono mufukoni. Sisemi juu ya adabu, ingawa adabu pia imewapungukia. Mukono uliokaa mufukoni uko na joto la mufuko. Ukiuweka juu ya goti la mugonjwa utaona goti baridi, utasema halina kitu, utaenda kunywa chai yako, na goti la mwenzako litaoza.

Mimi ni Mama Aziza. Kazi yangu yote niliifanya katika lopitali moja hapa Kindu, kwenye irjansi, yaani pale wanapopokea wagonjwa wa haraka. Sikuwa docta wala muganga. Shule niliacha darasa la tatu, siku baba aliposema kwamba mbuzi nao wanahitaji muntu. Nilikuwa naosha sakafu, nafua mashuka, nachemsha vyombo, na nashika miguu. Hiyo ya mwisho haikuandikwa kwenye karatasi ya kazi, lakini njo iliyofanya niitwe kila saa. Muguu unaouma haushikwi na kila muntu. Ukiushika kama kuni, mugonjwa atakuchukia na hatakuambia ukweli tena.

Docta Ngalula ameniomba niwaandikie habari ya viungo vyenye usaha, yaani goti, nyonga, kiwiko, na wenzao wote. Sasa sikilizeni. Usaha ukiingia ndani ya kiungo, unakula ile nyama laini inayofunika kichwa cha mufupa, kama muchwa katika muti wa paa. Hausubiri. Siku mbili, tatu, na muntu atatembea na fimbo mupaka kaburini. Na kwa inje, goti lenye usaha linafanana na goti la aliyeanguka, na goti la baridi yabisi, na goti la muntu muvivu. Kuyatenganisha, hiyo njo kazi yenyewe.

Aliyenifundisha ni Baba Feruzi, muganga wa zamani, Mungu amurehemu. Ilikuwa wakati wa vita. Ndege haziji, gari-moshi halifiki, barabara ya Kibombo haina muntu wa kuiuliza habari. Mimi nilikuwa nimetoka Pangi kwa miguu na watoto wawili na kikapu mugongoni. Lopitali ilikuwa na kuta, na vitanda, na Baba Feruzi. Hata sabuni tulikuwa tunaitafuta. Siku yangu ya pili na ufagio, kuku wa shefu wa lopitali aliingia katika chumba cha sindano, akapanda juu ya meza safi. Nikamushika, nikamutoa, hakupoteza hata unyoya. Baba Feruzi alikuwa mulangoni.

"Mama," akasema, "weye uko na mikono. Wacha ufagio, kuja huku."

Nikaenda. Akanipa muguu wa muntu.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: salimia muguu muzima kwanza. Usikimbilie ule unaouma. Weka mugongo wa mukono wako juu ya goti zuri, ngoja kidogo, halafu uupeleke kwa goti baya. Mugongo wa mukono unasikia joto kuliko kiganja, na kama kiganja chako ni cha kupiga jembe, kiache kabisa. Baba Feruzi alikuwa anasema, "Mungu alimupa muntu magoti mawili ili muganga asidanganywe." Tena mugonjwa akiona umeanza na muguu muzima, anafikiri uko na akili. Kama ni mutoto, anaacha kulia ili aangalie ule mujinga anayepapasa muguu usioumwa.

Sheria ya pili: goti lenye ugonjwa wa ngozi linalia ukiligusa, lakini ukilikunja polepole linakubali kidogo. Goti lenye usaha ndani halikubali. Ukigonga kitanda na tako lako katika kupita, mugonjwa analia. Basi, hapo umepata habari bila kuuliza.

Niwape mufano. Tulikuwa na wagonjwa wawili, vitanda viwili vinafuatana. Mumoja katekista wa kanisa, mumoja mwazini wa musikiti. Wote goti limevimba, la kuume, kama wamepatana. Na kwa sababu hawakuwa na kazi ingine, walikuwa wanagombana.

Katekista akasema, "Ninyi munaanguka chini mara tano kila siku. Goti litaponea wapi?"

Mwazini akamujibu, "Sisi tunaanguka, tunaamuka. Ninyi munapiga goti munabakia pale kama mbuzi amefungwa. Baba Feruzi, muambie ipi njo mubaya."

Baba Feruzi akaanza kwa katekista. Uvimbe ulikaa juu ya kifuniko cha goti, kama yai chini ya ngozi. Nikamukunja muguu, akakunja uso, lakini goti likakubali. "Hii ni kifuko juu ya mufupa," Baba Feruzi akasema. "Ndani ni safi. Nikipitisha sindano hapa mupaka ndani, nitachukua uchafu wa barazani niupeleke chumbani kwa watu." Hakumuchoma ndani.

Halafu mwazini. Goti limejaa pande zote mbili, kifuniko kinaelea ukikibonyeza, na jasho lilimutoka kabla sijamugusa. Sindano ikaingia, usaha ukatoka. Katekista alifurahi kidogo kuliko inavyomupasa Mukristo. Mwazini alipona, na sauti yake ya alfajiri ilitusumbua miaka mingi.

Lakini goti liko karibu, unalishika. Nyonga imejificha ndani ya nyama kama chumvi ya mwanamuke mwenye wakwe wengi. Huioni, huishiki, haivimbi kwa inje mupaka mambo yameisha. Tena ni danganyifu. Nyonga ikiugua inalituma goti lilie mahali pake. Mutoto atakuonyesha goti, atakuapia goti, na goti halina kosa lolote.

Hivyo njo tulivyomukosa Fatuma. Alikuwa musichana wa miaka kumi, vita bado iko, ana homa, anashika goti. Goti lilikuwa baridi. Baba Feruzi aliingiza sindano pale, hakupata kitu. Tukasema malaria, tukamupa kinini. Paja lilipovimba, kichwa cha mufupa kilikuwa kimekwisha kuliwa. Baba Feruzi hakula siku ile. Leo Fatuma anauza sabuni kule Alunguli, muguu mumoja mufupi, mudomo wake murefu. Nikipita ananiita mbele ya watu: "Mama Aziza, muguu mufupi unakusalimia. Ule murefu bado umekasirika." Nacheka naye. Nanunua sabuni hata kama iko nyumbani. Nikifika kwangu sicheki.

Kwa hiyo kila mutoto aliyeletwa na homa na goti, mimi nilitazama namna alivyolala. Mutoto mwenye nyonga mbaya analaza muguu umekunjwa, goti limeangalia inje, kama chura aliyechoka. Nilikuwa nampa karanga moja mbali kidogo na mukono wake. Mutoto wa malaria anajiburuta mwili wote. Mutoto wa nyonga ananyosha mukono, ananyosha shingo, ananyosha mupaka ulimi, lakini ule muguu anauacha pale pale. Muguu wake haujui habari ya karanga.

Miaka ikapita, vita ikaisha, Baba Feruzi akafa. Halafu akaja Docta Ngalula. Ni mutoto wa hapa, baba yake alitoka Kasai kufanya kazi ya gari-moshi. Alikuja na mashine ndogo kama daftari, na kichwa chake kimefungwa kwa waya, unakipitisha juu ya ngozi na unaona ndani ya muntu. Wanaiita ekografi. Sisi tunasema eko, maana maisha ni mafupi.

Sikuipenda. Nilimuuliza, "Docta, hiyo televizyo itamushikia mutoto muguu?"

"Hapana, Koko. Weye utashika, yeye ataangalia." Koko, yaani bibi, njo jina aliloniita.

"Na maji ya kiungo iko wapi hapo?"

"Hii nyeusi njo maji."

Nikamuambia maji meusi nayajua, yako katika shimo la choo. Akacheka mupaka akaweka mashine chini. Lakini alinifundisha. Mufupa unawaka mweupe, mustari mumoja mukali, kama ukingo wa sufuria katika jua. Nyuma ya mufupa ni giza, hapo usitafute kitu. Maji ndani ya kiungo ni meusi juu ya ule mustari. Ngozi yenye ugonjwa inaonekana kama mawe yaliyopangwa na katikati yake maji yanapita, na kama chini yake kiungo ni kikavu, usipitishe sindano pale. Nikakumbuka katekista na kifuko chake. Baba Feruzi alikuwa ameona yote hayo kwa vidole, na hakuna aliyempa hata waya.

Kitu kimoja mukishike vizuri: eko inaona maji, haijui ni maji gani. Inaweza kuwa usaha, damu, ao maji safi tu ya kuumia. Sindano njo inasema. Eko inaionyesha sindano njia.

Na Docta Ngalula naye, bila kuambiwa, alianza na muguu muzima. Siku ile nikamukubali.

Sasa tufike kwa jeli. Kile kichwa cha mashine hakioni kitu katika hewa. Lazima upake jeli kati yake na ngozi. Ya dukani inatoka mbali, na vitu vinavyotoka mbali vinafika Kindu vikitaka. Ilipoisha, Docta akaniuliza kama naweza kupika wanga wa muhogo, maana alisikia kwamba unafaa. Kuniuliza mimi kama naweza kupika muhogo. Kikombe kimoja cha unga, vikombe vinane vya maji, chumvi kidogo ya vidole viwili. Unga unachekechwa mara mbili. Unakoroga na maji baridi kwanza, halafu juu ya makaa, polepole, upande mumoja, mupaka unang'aa na kuteleza. Unaacha upoe. Ilifanya kazi vizuri sana, mashine haikujua kama inakula fufu.

Shida ilikuwa watu. Baba mumoja alikuja kumulinda ndugu yake, akakuta bakuli mezani, akachukua kijiko. Nilipoingia amefika nusu.

"Mama," akaniambia, "uji yenu haina sukari."

Nikamuambia ile imetoka kupakwa kwa makalio ya watu wanane. Haikuwa kweli, ilikuwa mupya. Lakini nilitaka ajifunze.

Docta alinipa sheria moja tu: jeli inapikwa kila asubuhi, inayobaki jioni inatupwa. Nilisikia. Kusikia, nilisikia. Lakini mimi ni muntu aliyepita vita. Nimeona siku ambazo ngumi moja ya unga iligawanywa kwa watu sita. Kumwaga bakuli nzima ya muhogo kwenye mufereji, mukono wangu ulikataa. Nilikuwa naifunika na sahani, naiweka pembeni, asubuhi naikoroga, naitoa tena. Siku nyingi haikuleta neno. Njo namna kosa linavyokulea, linakuacha ufanikiwe kwanza.

Asubuhi moja ya musimu wa joto aliingia mwanaume anaitwa Salumu, mulimaji wa mupunga kutoka Tunda. Alikuja Kindu kwa matanga ya mujomba wake, akafikia kwa dada yake Alunguli, na mutoto wake Mwajuma, miaka sita, akaanza kuugua pale. Alimuleta juu ya baiskeli, amemufunga na kitenge kwenye kikalio cha nyuma.

"Anaumia goti," akasema. "Juzi alianguka. Na iko na homa. Mama, munisaidie mbio, maana ndege iko katika mupunga yangu na hakuna muntu ya kuifukuza."

Nikamulaza Mwajuma. Muguu wa kushoto ukakunjwa, goti likaangalia inje. Nikasalimia muguu wa kuume, akanyamaza kuniangalia. Goti la kushoto, baridi. Nikatoa karanga. Akanyosha mukono, shingo, ulimi.

"Docta," nikaita, "hii goti inasema uongo. Angalia juu."

Docta Ngalula akaja na eko. Akachukua jeli katika bakuli yangu, akapaka mbele ya nyonga nzima, akaangalia. Halafu akapaka upande wa ugonjwa, akaangalia tena, akageuza kichwa cha mashine hivi na hivi. Mimi nilikuwa nimeshika muguu, naona kioo kwa pembeni. Kilikuwa cha majivu tupu, kama ukungu wa asubuhi juu ya Lualaba.

"Pande zote mbili ziko sawa, Koko," akasema. "Sioni maji."

Kipimo cha malaria kikatoka na mistari miwili, yaani iko nayo. Lakini hapa kwetu mutoto gani hana mistari miwili. Docta alikuwa na wagonjwa wengine saba wanamungoja, mumoja anatapika. Akachukua kalamu aandike dawa ya malaria, warudi nyumbani, waje tena kesho kutwa kama haiponi. Salumu akafurahi. "Aksanti Docta. Kesho kutwa miye niko Tunda, lakini dada atamuleta."

Mimi nikachukua kitambaa nimupanguse mutoto ile jeli. Nikaisikia katika vidole. Ilikuwa inachoma kidogo, kama kitu kiko hai ndani. Nikainusa. Chachu, kama muhogo wa siku ya tatu majini. Nikaangalia bakuli kwa karibu: imejaa mapovu madogo madogo, kama macho ya samaki. Hewa. Ile hewa ambayo mashine haiwezi kuona kupita.

Hapo nikaelewa ukungu. Pande mbili zilikuwa sawa kwa sababu pande mbili zilipakwa uji uliochacha. Na nikakumbuka kitu ambacho nilipaswa kukisema wakati ule ule: sikuona mufupa. Ule ukingo wa sufuria haukuwaka, si kwa muguu mubaya, si kwa muguu muzima. Mashine ilikuwa kipofu, na sisi tulimuuliza kipofu kama ameona muntu.

Sitawadanganya, nilisimama na kile kitambaa muda. Nilikuwa na jina pale. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na bakuli. Ningeweza kumwaga, kupika ingine, kusema, "Docta, angalia mara ya pili, moyo wangu hautulii." Lakini yeye alikuwa amekwisha kuamini macho yake, na Salumu alikuwa anafungua kitenge. Alipomuinua mutoto, Mwajuma hakulia. Aliuma meno, mutoto wa miaka sita. Nikamuona Fatuma.

"Docta, usiandike."

"Nini, Koko?"

"Jeli ni ya jana."

Kalamu ikasimama. Salumu akatuangalia, mumoja, halafu mwingine. "Jeli njo nini?"

"Ni uji, baba," nikamuambia. "Nimepika uji, ukachacha, nikauleta hapa, wakamupaka mutoto wako. Mashine haikuona kitu. Kosa ni langu, si la Docta."

Docta Ngalula alinitazama kwa macho ya mama yangu. "Koko, nilikuambia nini?"

"Uliniambia nitupe."

"Na weye?"

"Sikutupa."

Salumu akakaa juu ya kitanda. "Sasa, mutoto iko na malaria, ao iko na uji?"

Hakuna aliyecheka. Leo nacheka, lakini siku ile hakuna.

"Ngoja, baba," Docta akasema. "Tutaangalia upya."

"Docta, saa hii ndege inakula. Ile mupunga njo chakula ya mwaka."

Nikamujibu mimi. "Baba Mwajuma, mupunga utaota mwaka ujao. Nyonga haioti."

"Mama, weye njo umekosa, na weye njo unanifokea?"

"Ndiyo. Nimekosa na bakuli, nafokea na mudomo. Muweke mutoto chini."

Akamuweka.

Nikaenda inje kwa mbabula, jiko langu la makaa. Nimepika matanga, nimepika arusi, nimepika vita. Sijapika chakula kirefu kama ile sufuria. Unataka kuharakisha, lakini ukikoroga mbio unaingiza hewa, na ukipaka moto unamuunguza mutoto, na ukiifunika ikiwa na moto inatoa jasho. Nikachekecha mara tatu. Nikakoroga kama nabembeleza. Salumu alinifuata, akasimama juu yangu, mikono kifuani.

"Unakoroga kama unaogopa kuamusha muntu," akasema.

"Naogopa kuamusha hewa."

Salumu akachuchumaa, akachukua kifuniko cha ndoo, akaanza kupepea ile sufuria nilipoiweka ndani ya beseni la maji baridi. Akapepea vizuri sana. Muntu anayefukuza ndege anajua kupepea. Kila mara aliuliza, "Bado?" na mimi nilisema, "Bado." Nilingoja mupaka povu la mwisho likapanda juu na kupasuka.

Docta akapaka. Muguu muzima kwanza. Mufupa ukawaka, mweupe, mustari mumoja, na juu yake nyama imelala imetulia. Hapo nikapumua, maana sasa mashine iko na macho. Halafu muguu wa kushoto. Mufupa ukawaka vile vile, lakini juu yake kulikuwa na kitu cheusi kimevimba, kimeisukuma nyama juu kama muntu aliyelala chini ya shuka.

"Koko, unaona?"

"Naona."

Salumu alisogeza uso mupaka karibu agonge kioo. "Ile nyeusi njo nini?"

"Ni maji mahali pasipotakiwa kuwa na maji," Docta akasema. "Sasa tutajua ni maji gani."

Wakamupa Mwajuma dawa ya usingizi kidogo. Nikashika muguu. Docta, jicho moja kwenye kioo, akaleta sindano polepole, na niliiona ikiingia katika ile nyeusi, mustari mwembamba unaong'aa. Akavuta. Kilichotoka kilikuwa kizito, rangi ya maji ya muchele yaliyolala, na harufu yake naijua tangu vita. Salumu aliangalia ile sindano, halafu akaangalia baiskeli yake iliyoegemea mulangoni, na kitenge bado kimefungwa juu yake. Hakutaja ndege tena.

Siku ile ile docta wa kupasua alifungua nyonga, wakaiosha. Dawa zikaanza mushipani. Lakini musifikiri kwamba hapo tulipiga makofi. Usaha ulikuwa umekaa ndani karibu siku mbili, na masaa mawili katika hizo yalikuwa ya sufuria yangu. Nilimuuliza Docta kama tumewahi. Akasema, "Tutajua akitembea. Sasa hivi sijui, Koko, na weye usinilazimishe nikudanganye." Salumu akarudi Tunda, shangazi wa Alunguli akabaki na mutoto. Kila asubuhi nikimubadilisha shuka niliangalia ile miguu miwili kama imelingana. Mwajuma aliniuliza kwa nini namupima kama kitambaa cha kushona. Nikamuambia alale. Alipotoka lopitali, shangazi alimubeba mugongoni, bado hajakanyaga chini.

Docta hakunishitaki kwa shefu. Alinipa azabu yake mwenyewe. Kila stajiere mupya, yaani mwanafunzi wa kazi, kabla ya kumuonyesha kitanda, alimuleta kwangu kwa mbabula: "Koko, muambie habari ya bakuli." Nikasema, mwaka kwa mwaka, huku nakoroga, mbele ya watoto wenye makoti meupe kuliko akili zao. Na nyuma ya habari ya bakuli niliwaambia neno ambalo nawaambia na ninyi. Eko ikikuambia hakuna maji, usiikubali mbio. Iulize kwanza mufupa uko wapi. Ikikuonyesha mufupa, sikiliza neno lake. Isipokuonyesha, haijui kitu, panguza, anza upya. Na kama mukono wako na kioo havipatani, usione haya kusema. Mashine haina haya, njo maana inaweza kukosa siku nzima na uso wake haubadiliki.

Na kama kosa ni lako, liseme kabla baba wa mutoto hajapanda baiskeli. Nyuma ya hapo, maneno yako hayana kazi.

Mupunga ulipovunwa, Salumu alirudi Kindu, wamuonyeshe Docta ule muguu. Sikujua kama wanakuja siku ile. Nilikuwa naosha barza ndefu ya irjansi, maji mengi, sabuni nyingi. Nikasikia visigino vidogo vinakuja kwa nguvu kutoka mulangoni, pa, pa, pa, pa, na mutoto akanipita mbio akanirushia maji ya sabuni mupaka kwenye nguo.

"Weye mutoto," nikamukemea. "Hapa lopitali, hatukimbie hapa. Simama."

Akasimama. Akageuka. Ilikuwa Mwajuma, miguu yote miwili chini, magoti yote mawili yanaangalia mbele. Nyuma yake, mulangoni, Salumu alikuwa ameweka mukono juu ya mudomo.

Docta Ngalula akatoa kichwa katika chumba chake. "Koko, umemukataza nini?"

Nikaangalia ile miguu. Nikaegemeza ufagio ukutani.

"Kimbia," nikamuambia. "Lakini pitia upande ule, hapa iko na maji."